Miwani na Krauni ya Nyakundi

Jumatatu, 4 Agosti

Mokeira ametangaza vita. Alitangaza wakati wa chai ya saa nne, akiwa amesimama. Mke wangu akisimama wakati wengine wamekaa, ujue uamuzi umeshapita. Jumapili wakwe wanatoka Suneka kuleta ng'ombe wa mahari ya binti yetu Lavender. Ng'ombe ana mimba. Ng'ombe mwenye mimba halali nje kwenye baridi ya Nyansiongo. Kwa hivyo atalala bandani, na kilichomo bandani kitoke.

Kilichomo bandani ni Miwani.

Naandika kwa faida ya atakayesoma daftari hili nikishakufa. (Kama ni wewe, Nyakundi, liweke chini.) Miwani ni trekta. Si ile kubwa ya kulimia. Ni ndogo, ya bustani, inanifika kiunoni, aina ambayo walowezi walitumia kukata nyasi na kuvuta vigari vya mbolea. Ina taa mbili za duara mbele, na ndizo zilizoipa jina. Mlowezi wa shamba hili alimwachia baba alipoondoka mwaka wa 1964, kwa sababu baba ndiye aliyekuwa dereva wake. Siku ya kumzika baba, gari la maiti lilikwama kwenye matope kule chini. Miwani ndiyo iliyomfikisha nyumbani. Mimi ndiye niliyeendesha. Nililia njia nzima na hakuna aliyesikia, kwa sababu ya injini.

Sasa ni mwaka wa tatu haijasonga. Injini iko sawa. Giaboksi ndiyo imekufa.

Sharti la Mokeira, neno kwa neno: Miwani itoke bandani kwa nguvu zake yenyewe kabla wakwe hawajaondoka Jumapili, la sivyo Jumatatu mnunuzi wa vyuma chakavu aje na lori. Lavender alikuwepo, shule zimefungwa na yeye ni mwalimu. Akakubali kuwa shahidi. Binti yangu mwenyewe!

Mokeira akaongeza kwamba wakwe hawa ni watu wa mila. Wiki hii watamtuma esigani, yule mshenga anayechunguza boma kimya kimya kabla ng'ombe hajavuka lango. Tujiheshimu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Esigani wa ndoa yetu alikuwa mama mzee mwenye kibuyu cha ugoro. Nikimwona mama mzee nitajua la kufanya.

Alasiri nimefungua giaboksi. Ni krauni, lile gurudumu kubwa la meno linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Meno yameisha. Imebaki na ufizi.

Borabu nzima kuna trekta moja tu yenye damu moja na Miwani. Ni Sanduku la jirani yangu Nyakundi. Kampuni ileile, kizazi kilichofuata, boneti la pembe nne. Alilinunua kwenye mnada wakati meneja wa chai alipohama. Injini yake ilishika kutu zamani, lakini giaboksi ni nzima.

Leo Nyakundi amenisalimia mara mbili. Ya kwanza naielewa. Ya pili ilikuwa ya nini?

Jumanne, 5 Agosti

Kisii. Nimebeba krauni mbovu kwenye kikapu, juu nikaifunika na ndizi, ili watu wa Nyansiongo waone naenda kuuza ndizi Daraja Mbili. Mambo yaliharibika pale sokoni. Mama mmoja alitaka ndizi zile kweli. Nikakataa kuuza. Akauliza kwa nini mtu abebe ndizi mpaka sokoni kisha akatae kuziuza. Watu wakaanza kusimama. Nikauza. Nikabaki na kikapu chenye chuma wazi kama mwizi wa magari.

Fundi Mose ana kibanda nyuma ya wauza mitumba. Alipima krauni, akahesabu meno, akapiga mluzi. Alisema spea kama hii haiko Kisii wala Nairobi. Dawa ni kutoa kwa ndugu yake wa kizazi kijacho. Meno ni yaleyale, shimo la shafti ni lilelile. Itaingia.

Kisha akaleta siasa. Eti kila kizazi na upande wake. Eti kwenye Sanduku injini iligeuzwa ikaangalia nyuma, kwa hivyo krauni yake hukaa kulia, na kwenye Miwani lazima nihakikishe imekaa kushoto. Alisema mara tatu. Nikamwuliza kazi hiyo ya kuhakikisha analipisha ngapi. Akasema habari hiyo ni ya bure.

Ya bure! Fundi! Nimeandika "kushoto" hapa kisha nikapiga mstari juu yake. Mtu hakupi kitu cha bure ila anataka urudi kesho na kilio.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa kwanza: kumwomba Nyakundi. Ndiyo, kumwomba tu, kama Mkristo.

Ugumu ni huu. Nikiomba krauni, atajua Miwani ni mgonjwa. Akijua ni mgonjwa, atataka kuinunua kwa bei ya sufuria. Amekuwa akiitamani tangu 1998, siku aliyosema mbele ya watu kumi kwamba ni trekta nzuri. Hakuna mtu anayesifu cha mwenzake hivihivi.

Nikaenda. Nyakundi ni mzee wa kanisa la Sabato, mtu mnene, mpole, wa kutabasamu. Alinikaribisha uji. Aliuliza hali ya Mokeira. Aliuliza kama maandalizi ya wakwe yanaendelea vizuri. Akasema kama kuna chochote tunachohitaji, chochote kile, niseme tu, kuuliza si ujinga.

Chochote! Hapo nikashtuka. Mtu anayesema "chochote" ameshajua unachotaka. Macho yangu yalikuwa yameshaanza kwenda kwenye migomba yake, ambako Sanduku limelala chini ya turubai, na yeye akayafuata macho yangu. Ikabidi niokoe hali. Nikasema nimekuja kuazima jembe.

Nimerudi na jembe. Sasa tuna matano.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya mafanikio makubwa.

Asubuhi: esigani amefika! Mama mzee, leso kichwani, fimbo mkononi, amesimama langoni akichungulia. Nikamkimbilia. Nikamketisha kwenye kiti cha baba. Chai, mayai mawili, ndizi mbivu. Nikamwonyesha vyeti vya Lavender, cheti changu cha miaka thelathini ya ukarani katika ushirika wa maziwa, na picha ya askofu. Alikula vizuri. Mwishowe akauliza kama kwa bahati nimeona mbuzi mweupe mwenye kamba ya bluu.

Ujanja wa esigani huo, kujifanya anatafuta mbuzi. Nikamwambia boma hili halijawahi kuficha mbuzi wa mtu. Nadhani tumepita.

Saa sita: hatari. Mzee mwembamba, koti la kahawia, mwavuli mweusi siku isiyo na wingu. Simjui. Wachuma chai wamenipasha kwamba alikuwa akiwauliza habari za boma langu. Tunaishi wangapi? Mimi hunywa pombe? Nina ugomvi na jirani? Kuna kitu tunachoficha? Kisha akasimama kwenye ua akaangalia banda. Akaliangalia muda mrefu!

Sihitaji kuambiwa mara mbili. Ni dalali wa Nyakundi. Ametumwa kupima Miwani.

Basi nikavaa kofia yangu ya kijani ya ushirika, nikapitia kwenye nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, nikatokea barabarani mbele yake kama mpita njia. Nikamsalimu. Akanisalimu. Akaniuliza kama namjua mwenye boma lile. Nikasema nani asiyemjua Obwocha.

Nilimtisha vizuri sana. Nilisema Obwocha si mtu wa kuchezea. Kwamba bandani kuna kitu alichoachiwa na baba yake, na hakitoki nje mchana wala usiku. Kwamba marehemu baba yake alipoteza kidole kwa sababu ya kitu hicho. (Kweli kabisa. Ilikuwa mkanda wa injini.) Kwamba Obwocha hukaa nacho peke yake akikisemesha. (Kweli.) Kwamba hukinywesha. (Mafuta.) Mzee akauliza kama mke naye anajua. Nikasema mke ni mkali kuliko yeye. Akauliza, kwa sauti ya chini, na yule binti? Nikasema binti ndiye hodari zaidi, tangu akiwa na miaka tisa anajua kukiamsha.

Alifungua mwavuli akaondoka haraka. Hakukuwa hata na tone la mvua.

Hatarudi huyo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nyumbani kuna msiba ambao sielewi. Ronny, mchumba wa Lavender, alipiga simu asubuhi. Alimwuliza kama ni kweli kwamba nyumbani kwetu kuna kitu tunachokilisha bandani. Lavender alicheka akidhani ni mzaha. Ronny hakucheka. Alisema wazee wa kwao wamekaa kikao na ng'ombe huenda asije.

Lavender amelia. Mtoto huyu hakulia hata alipovunjika mkono. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni na simu mapajani. Niliketi karibu naye, nikampa kitambaa changu, kikiwa na grisi. Akapata doa jeusi shavuni na akalia zaidi. Niliumia. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Lakini akili haikulala. Wakwe wa Suneka wamejuaje kuhusu kilichomo bandani? Kumbe na wao wanaitaka Miwani!

Mokeira alisema kuna mtu aliyetuchafulia jina kwa esigani. Nikasema papo hapo: Nyakundi. Mokeira akasema Nyakundi hajawahi kusema vibaya hata kuhusu mbwa. Nikamwambia watu wa aina hiyo ndio wabaya. Kikulacho ki nguoni mwako. Kuhusu esigani mwenyewe, nikamtuliza kwamba nilimlisha mayai mawili kwa mkono wangu. Akachukua sufuria, akaenda kupika.

Kutoka hapa nimemwona Nyakundi akipiga viatu rangi. Kesho ni Sabato. Atatoka saa mbili asubuhi na familia nzima, kuanzia shule ya Sabato, mahubiri, chakula cha pamoja, hadi kwaya ya vijana. Hawarudi kabla ya saa kumi na moja. Mimi ni Mkatoliki. Jumamosi yangu iko huru.

Sitaiba. Nitabadilisha. Krauni yangu mbovu itakaa ndani ya Sanduku lake, na yake nzuri ndani ya Miwani. Hesabu ya vyuma itabaki ileile. Nimelipima jambo hili mbele ya dhamiri na dhamiri imenyamaza.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa mbili na robo. Wamepita, Nyakundi mbele na Biblia kwapani. Amenipungia mkono. Nimempungia.

Saa mbili na nusu nilikuwa chini ya turubai. Kuku wawili walikuwa wameketi juu ya mayai kwenye kiti cha dereva na hawakutaka kuhama. Nikafanya kazi chini yao. Boliti nane. Spana namba kumi na tisa ya baba, iliyochorwa jina lake. Oili nyeusi ya miaka arobaini ikanimwagikia hadi kwenye viwiko, manyoya ya kuku yakaja juu yake. Lakini krauni ikatoka! Meno yote! Niliibusu. Ladha mbaya.

Nikaingiza yangu, nikarudisha turubai, nikaweka ile nzuri kwenye karai na juu nikatandaza chinsaga. Mtu mwenye karai la mboga ni mtu mwenye karai la mboga.

Kwenye njia ya migomba nikakutana uso kwa uso na yule dalali wa mwavuli! Saa sita mchana! Nilikuwa mweusi mikono yote, manyoya kidevuni. Alirudi nyuma hatua mbili. Aliuliza ninatoka wapi. Nikasema kwa jirani, hayupo. Aliuliza nimebeba nini. Nikasema mboga. Tone la oili likadondoka kutoka kwenye karai likatua kwenye kiatu chake. Tukaliangalia wote wawili. Nikamwambia kuna mambo ambayo mtu mzima haulizi mtu mzima. Akafanya ishara ya msalaba.

Mkatoliki mwenzangu, tena anatumiwa na Msabato. Nyakati za mwisho hizi.

Alasiri nzima bandani. Krauni imeingia kwenye Miwani bila hata kugongwa. Nimeiweka upande wa kulia, vilevile ilivyokuwa kwa Nyakundi. Kama ingefaa kukaa kushoto, waliounda Sanduku wasingeiweka kushoto? Watu waliounda trekta au Mose wa Daraja Mbili, nani anajua? Nimewasha injini kidogo. Ilikohoa, ikaimba. Mokeira akanizuia kuijaribu kwa sababu amefua mapazia na moshi unaelekea kwenye kamba.

Haidhuru. Kesho itatoka mbele ya wakwe wote. Spana namba kumi na tisa siioni, labda iko chini ya majani.

Jumapili, 10 Agosti

Nitaandika taratibu. Mkono wa kulia unauma.

Wakwe walifika saa nane. Watu kumi na wawili, wamevaa vizuri, hakuna aliyecheka. Pikapu iliyobeba ng'ombe ilibaki barabarani. Hawakumshusha. Tulimsikia akilia kule wakati tukisalimiana, na Mokeira akanishika mkono kwa nguvu, jambo ambalo hajafanya tangu mazishi ya baba. Nyakundi alikuwepo pia, amealikwa kama jirani. Ameketi nyuma na mfuko wa plastiki mapajani.

Kisha akaingia mtu wa mwisho. Koti la kahawia. Mwavuli.

Baba yake Ronny akamtambulisha: mjomba wake, Mzee Sylvanus, esigani wa ukoo.

Nilitaka ardhi inimeze. Nilijaribu hata kujificha nyuma ya jagi la maji. Yule mama wa mbuzi alikuwa kweli anatafuta mbuzi!

Sylvanus alisimama. Alisema yeye amefanya kazi hii miaka thelathini na hajawahi kusikia mambo kama aliyosikia Nyansiongo. Akayataja yote. Kitu cha bandani. Kidole. Kunyweshwa. Akasema binti mwenyewe anatajwa kuwa ndiye anayekiamsha. Hapo Lavender akainamisha kichwa. Wanawake wa Suneka wakavuta mikoba yao karibu. Akasema hakuokota uvumi. Aliambiwa na mtu mzima, barabarani, mwenye kofia ya kijani. Na jana alimkuta mtu huyohuyo kwenye migomba akiwa katika hali ambayo hataielezea mbele ya chakula.

Mokeira akaniangalia. Kisha akaangalia msumari ukutani. Kofia ya kijani ilikuwa pale.

Ningeweza kusema ni ya Nyakundi. Nakiri hapa kwamba neno lilikuwa mdomoni, N ilikuwa imeshatoka. Lakini nikamwona Lavender. Shavuni bado alikuwa na kivuli cha lile doa la grisi. Hakuwa akinilaumu. Alikuwa akingojea tu, vile alivyokuwa akiningojea shuleni nilipochelewa kumchukua.

Nikasema ni mimi. Nilijisengenya mwenyewe. Nikasema kitu cha bandani ni trekta.

Kusema kweli, hakuna aliyeniamini. Mama mmoja wa Suneka aliuliza trekta gani inasemeshwa. Basi nikasema waje waione. Nikawaongoza wote kumi na wawili hadi bandani, nikafungua mlango wa mbele, nikawapanga pande mbili wapishe. Nikapanda. Miwani ikawaka mara ya kwanza! Moshi, mlio, taa mbili zinawaka. Mtu mmoja alisema "Obe!" kwa mshangao, akapiga makofi. Niliketi wima kama baba. Nikaingiza gia ya tatu, ya mwendo wa kasi, ili nitoke kwa heshima. Nikaachia klachi.

Miwani ikarudi nyuma.

Ikapasua ukuta wa mbao nyuma ya banda, ikaingia kwenye biwi la samadi, ikapanda, ikashuka upande wa pili. Nikaingiza gia ya pili. Nyuma! Ya kwanza. Nyuma! Nikapita kwenye nepia kinyumenyume nikiwaona wakwe wanazidi kuwa wadogo ndani ya tundu la ukuta. Mwishowe, kwa kukata tamaa, nikaingiza gia ya kurudi nyuma. Ikaenda mbele. Polepole sana, mwendo wa bibi harusi. Dakika nne nzima nikirudi kwao, na samadi kifuani, hakuna kitu mtu anaweza kufanya na uso wake kwa dakika nne.

Nilipofika, Mzee Sylvanus alikuwa ameketi chini. Nilidhani ameanguka. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mwavuli ukamtoka mkononi. Alipopata pumzi akasema, "Huyu hawezi kuwa mchawi. Mchawi angejua anakoelekea."

Basi wote wakaachia kicheko. Hata Lavender. Alicheka huku akilia, akanikumbatia na samadi yangu yote, na nguo yake ilikuwa mpya. Baba yake Ronny akapaza sauti kuelekea barabarani: mshusheni ng'ombe!

Nyakundi naye akaja na mfuko wake wa plastiki. Ndani, spana namba kumi na tisa. Kuku walikuwa wameitagia kando. Alisema mbele ya wote kwamba krauni ningeiomba tu. Kwamba alikuwa amepanga kutupa Sanduku lote, zawadi ya Lavender, na wiki nzima alikuwa akitafuta nafasi ya kuniambia lakini kila akinisalimu nakimbia, na mara moja nilikimbia na jembe lake. Kisha akachungulia chini ya Miwani akasema krauni imekaa kulia. Igeuzwe tu ikae kushoto, itaenda mbele.

Wanaume wakafunga ukuta kwa mabati kabla ya saa kumi na mbili. Ng'ombe amelala ndani. Ni mzuri, mwekundu, na ana hasira kidogo.

Kuhusu sharti: Mokeira alisema Miwani itoke bandani kwa nguvu zake yenyewe. Hakusema itokee upande gani. Nilimwambia hivyo mbele ya shahidi. Amekubali. Lori halitakuja.

Jumatatu, 11 Agosti

Mgongo. Supu. Nimelala mchana nikifikiria.

Zawadi. Sanduku lote, bure. Kwa nini? Mtu ambaye krauni yake imebadilishwa kwa siri hakasiriki, anatabasamu, anatoa na lingine lililobaki! Na "igeuzwe tu ikae kushoto." Mose naye alisema kushoto. Wawili hawa hawajuani, wanasema neno moja. Hiyo ni njama. Nikigeuza kushoto, kitu kitavunjika, na Nyakundi atakuja na tabasamu na bei ya sufuria.

Jana wakati wa chakula, Mzee Sylvanus alinong'ona jambo. Kule kwake Suneka ana trekta ya kampuni hiyohiyo, kizazi cha tatu, ile yenye taa kwenye mabawa ya magurudumu. Iko bandani, haitumiki. Krauni safi, isiyopita mkononi mwa Nyakundi. Alisema kama naitaka nimwambie.

Nimwambie! Mkwe! Nianze kuombaomba chuma kwa wakwe kabla ng'ombe hajazoea boma? Heshima yangu itakwenda wapi?

Jumanne, 12 Agosti

Suneka. Nimemwambia Mokeira naenda kuuza ndizi. Safari hii nimezibeba kweli na nimeziuza kweli. Kofia ya kijani nimeiacha msumarini. Mtu hujifunza.

Kuna mama anayeuza viazi vitamu njia panda, karibu na boma la Sylvanus. Nilinunua viazi vitatu nikamwuliza mambo machache, kwa upole. Boma lile wanaishi wangapi? Wana mbwa? Jumapili huenda misa ya kwanza au ya pili? Banda la nyuma hufungwa kwa kufuli au kwa kamba? Alinijibu yote. Misa ya pili. Kamba.

Kisha akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akashusha sauti, akaniuliza kama mimi ni esigani.

Nikasema ndiyo.